Kidole cha Mwalimu Begani

Kamere, Naivasha
9 Januari 2008

Kwa binti yangu Nerima,

Mimi ni mzima, ni mgongo tu. Barua hii nimempa Kiprugut, dereva wa lori linalokwenda Nakuru kuchukua mbolea. Usijaribu kunipigia. Simu yangu betri imekufa, na hata ingekuwa hai, maneno ya simu yakiisha yameisha. Barua naweza kuirudia jioni nikishavua buti.

Kiprugut ameniambia chuo chenu kimefungwa tangu hizi fujo za uchaguzi, na kwamba sasa mnafundishwa uuguzi kwa kompyuta. Nilidhani ananitania. Nikamuuliza, "Wanazalisha kompyuta?" Akacheka mpaka akakohoa. Lakini mimi sikucheka sana. Niliacha shule darasa la sita, kwa hivyo nikisema ujinga utanisahihisha. Ila nilipoanza kazi hapa kwenye shamba la maua, msimamizi alitusimamisha nje akatueleza jinsi ya kukata waridi. Sote tukaitikia ndiyo, ndiyo. Tukaingia ndani tukaharibu kitanda kizima cha maua. Sasa wewe mwaka huu ndio unasomea ukunga. Nani atakuonyesha?

Habari za hapa ni za woga tu. Watu wanalala na viatu. Oduor, yule Mjaluo tunayegawana naye ukuta, mkewe Anyango ana mimba ya miezi saba, ya kwanza. Nimewaambia wapangaji wa ploti nzima kwamba binti yangu ni daktari. Oduor akasema, "Mzee Wasike, nesi si daktari." Nikamwambia kwetu aliyevaa koti jeupe ni daktari, akitaka abishe na koti.

Msalimie shangazi yako. Mwambie asikuache utembee peke yako.

Baba yako,
Wasike


Nakuru
15 Januari 2008

Baba mpendwa,

Sijaona ujinga katika barua yako. Hata sisi tunabishana juu ya jambo hilo hilo.

Mambo yako hivi. Mwalimu wetu wa ukunga, Sista Cherono, alikwenda kwao Kericho kwa Krismasi na barabara zikafungwa akiwa huko. Anatuandikia masomo huko, anayatuma kwa kompyuta, nasi tunayasoma hapa kwa Jasbir. Ni yule Singasinga mwenye duka la vyuma karibu na reli, ana chumba cha kompyuta kwa nyuma. Anatufungulia asubuhi kabla wateja hawajaja. Anasema, "Someni, madaktari, siku moja mtanidunga sindano ya bure." Ndiyo, Baba, na yeye anatuita madaktari.

Mwenzangu Kimaiyo anaona mambo yabaki hivi hivi hata amani ikirudi. Anasema hakuna kusimama wodini tangu alfajiri, hakuna kufokewa mbele ya wagonjwa, na somo usipolielewa unalirudia. Nami sitakuficha, kuna kitu nimekipenda. Darasani sijawahi kumuuliza Sista Cherono swali. Ulimi ulikuwa unanikauka. Sasa namwandikia maswali usiku, na asubuhi nakuta majibu marefu, mazuri, kana kwamba niko peke yangu darasani. Ameniandikia, "Nerima, kumbe una akili hivi, ulikuwa umeificha wapi?" Nimelisoma neno hilo mara nyingi.

Wiki hii tumejifunza kusikiliza moyo wa mtoto tumboni. Kuna kipembe kidogo, upande mmoja unauweka kwenye tumbo la mama, mwingine sikioni, kisha unahesabu. Sista alituma sauti yenyewe. Kompyuta hazina spika, basi Kimaiyo alileta zile waya za masikioni, tukagawana, yeye sikio moja na mimi moja. Baba, nimesikia moyo wa mtoto ambaye hajazaliwa! Unakimbia kama mtu anayeteremka ngazi. Nimeusikiliza mpaka sasa nikifumba macho nausikia.

Nina kipembe changu, nilikibeba chuo kilipofungwa. Usiogope juu yangu.

Mwanao,
Nerima


Kamere
21 Januari 2008

Nerima,

Nimewasomea Oduor na Anyango barua yako, pale pa kipembe. Anyango akaniambia nirudie. Alikuwa ameshika tumbo.

Sasa wameamua. Mwezi ujao, mambo yakitulia, Anyango aje Nakuru akae karibu na shangazi yako, ili wewe umwangalie mpaka ajifungue. Nilimwambia Oduor, "Mpe daktari wangu kazi." Safari hii hakubisha.

Najua hujamaliza masomo. Lakini mtu wako ni mtu wako. Kliniki za huku utapanga foleni toka asubuhi, na siku hizi ukipanga foleni wanakuangalia jina kwanza.

Baba


Naivasha, kituo cha polisi
2 Februari 2008

Nerima,

Niko hai. Nimeanza na hilo.

Jumapili walikuja vijana na mapanga na petroli. Nyumba zetu zimeungua, yangu na ya Oduor, ukuta tuliogawana ndio pekee uliosimama. Sitakuandikia niliyoyaona. Wengine kati ya hao vijana tulikuwa tunakula nao chakula cha mchana, na wengine kati ya majirani wa kabila lao ndio waliotuficha. Siwezi kuiweka pamoja hiyo hesabu, kwa hivyo nimeiacha.

Oduor amekatwa mkono wa kulia. Haukutoka, lakini vidole havisikii. Niko naye hapa uwanjani, tumelala kwenye turubai moja.

Anyango tulimpandisha lori la watu waliokuwa wanapelekwa Nakuru, kwa maana hapa hakuna maji. Tumeambiwa wamewekwa kwenye uwanja wa mpira. Nenda ukamtafute. Ni mrefu, ana pengo la juu, amevaa jaketi langu la kazi la kijani. Nilimwambia, "Ukifika muulize Nerima, binti yangu, yeye ndiye daktari wako. Usihangaike na foleni."

Tafadhali, mwanangu. Nimempa Oduor neno langu.

Baba


Nakuru
6 Februari 2008

Baba,

Nimempata! Jaketi lako nililiona kabla ya kumwona mwenyewe. Amelala kwenye hema moja na akina mama wengine, chini ya jukwaa. Alinikumbatia akasema, "Ndiwe wa kipembe?" Watu walicheka, kidogo.

Alikuwa na joto mwilini na amechoka sana na lori. Aliniambia mtoto amenyamaza tangu jana. Nikamlaza, nikaweka kipembe kama tulivyofundishwa. Kelele ilikuwa nyingi, watoto, na magari ya msaada, na mtu mmoja alikuwa akihubiri kwa kipaza sauti. Lakini niliusikia. Unakimbia vizuri, nikauhesabu, ukaingia palepale kwenye kipimo alichoandika Sista. Nilimwambia kwamba mtoto naye amechoka na safari, anapumzika. Alilia kwa furaha. Kulikuwa na hema la wauguzi upande wa pili wa uwanja na foleni yake ndefu, akaniuliza kama aende, nikamwambia apumzike, nitarudi kumwona.

Mwambie Oduor moyo wa mtoto wake uko sawa. Nimeusikia kwa sikio langu.

Nimemwandikia pia Sista Cherono. Ni mara yangu ya kwanza kufanya kazi peke yangu, Baba.

Nerima


(Kwa kompyuta)
Kericho
9 Februari 2008

Mpendwa Nerima,

Samahani kwa kuchelewa, hapa umeme ulipotea. Nimesoma habari za mama yule, na nimefurahi kwamba hukuogopa. Lakini kuna jambo linanisumbua tangu nizisome, nami nakuuliza moja kwa moja. Ulipokuwa unasikiliza, nani alikuwa ameshika mkono wa mama?

Wodini, mwanafunzi anapoinama na kipembe, mimi husimama nyuma yake. Mkono wangu wa kushoto hushika kifundo cha mkono wa mama, pale mshipa unapopiga, na kwa kidole cha mkono wa kulia humgonga mwanafunzi begani, kila mshipa unapopiga. Mwanafunzi anasikia moyo mmoja kwa sikio na mwingine kwa bega. Ikiwa mapigo yanakwenda tofauti, huyo unayemsikia ni mtoto. Yakienda pamoja, unamsikia mama.

Nimelitafuta jambo hili katika masomo niliyowatumia. Halimo. Wala halimo katika maelezo yangu ya miaka yote niliyofundisha. Nami nilifundishwa hivyo hivyo, kwa kugongwa bega. Sikujua kwamba ni somo. Nilidhani ni mkono wangu tu.

Mama mwenye homa na hofu, moyo wake unaweza kukimbia ukafikia kipimo cha mtoto. Na umesema ana joto, na mtoto amenyamaza. Nenda sasa. Shika mkono wake. Mapigo yakienda pamoja, au ukiwa na shaka hata kidogo, usisikilize tena, mpeleke kwa wauguzi wa uwanjani, wampeleke hospitali kuu. Usingoje jibu langu.

Mwalimu wako,
Cherono


Naivasha
10 Februari 2008

Daktari Nerima!

Kiprugut amerudi barabarani, magari yanakwenda kwa msafara na polisi mbele. Barua yako imefika. Nimemsomea Oduor, akaniambia, "Hapo pa 'nimeusikia kwa sikio langu', rudia." Nimerudia mpaka wazee wa turubai la pili wakasema tusome kwa sauti na wao wasikie. Usiku ule Oduor alilala. Tangu Jumapili ile alikuwa hapati usingizi, anakaa tu akiangalia mkono.

Asubuhi akaniambia habari za jina. Kwao mtoto hupewa jina la saa aliyozaliwa. Anasema angependa azaliwe jua likichomoza, kwa maana usiku ameuchoka.

Mimi nakushukuru. Mtu anayebeba mbolea maisha yake yote hana kitu cha kumpa jirani. Mimi nimempa wewe.

Baba yako


Nakuru
16 Februari 2008

Baba,

Keti kwanza.

Siku ya Jumamosi sikwenda kwa Jasbir, nilikuwa namsaidia shangazi kuhamisha vitu. Barua ya Sista, ambayo nimekunakilia humu, niliisoma Jumapili mchana, Jasbir alinifungulia duka. Nilikimbia mpaka uwanjani. Anyango alikuwa ameketi, akaniona akatabasamu, midomo imekauka. Nikamwomba alale. Nikashika kifundo chake kwa mkono wa kushoto, nikainama na kipembe.

Mapigo yalikwenda pamoja, Baba. Kila nilichosikia sikioni nilikigusa kwa vidole. Nikahamisha kipembe kushoto, kulia, chini, pote. Huko kwingine kulikuwa kimya.

Gari la msaada lilimpeleka hospitali kuu. Alijifungua siku iliyofuata, mtoto wa kiume, hakuwa na pumzi. Homa ilikuwa imeingia kwenye damu ya Anyango, wamempa dawa, sasa inashuka. Ataishi. Nilimuuliza daktari, daktari mwenyewe, kama mtoto angepona iwapo ningempeleka siku ile ya kwanza. Akasema hajui. Pengine alikuwa ameshakufa siku ile, pengine bado. Akasema hataki kunidanganya ili nilale.

Barua yako ya furaha ilifika jioni ile ile. Sikumsomea.

Jana Anyango alifungua macho akaniuliza, "Nerima, ule moyo uliousikia ulikuwa wa nani?"

Nikamwambia, "Ulikuwa wako."

Akageukia ukutani.

Kwenye kompyuta kulikuwa na moyo mmoja. Sauti safi, hakuna mtu anayehubiri. Hakuna aliyeniambia kwamba kwenye tumbo kuna mioyo miwili, na wa karibu ndio unaosema kwa nguvu. Kimaiyo ananiambia si kosa langu, kwamba somo lilikuwa na shimo. Labda. Lakini mtoto hakutumbukia kwenye somo.

Nimeamua kuacha. Nitatafuta kazi kwenye duka la Jasbir, amesema hatakataa. Mwambie Oduor wewe, mimi siwezi kumwandikia.

Nerima


Naivasha
24 Februari 2008

Nerima,

Nimemwambia. Sikumsomea barua, nilimwambia kwa mdomo, tukiwa tumeketi nyuma ya ukuta wa kituo. Aliuliza, "Na Anyango?" Nikamwambia yuko hai. Kisha akasema, "Daktari wako ameniulia mtoto."

Nikamwinua tukarudi kwenye turubai.

Tangu siku hiyo hasemi nami. Mkono wake bado umefungwa, kwa hivyo asubuhi mimi ndiye ninayemuosha uso na kumfunga viatu. Ananiacha nimuoshe. Macho anayapeleka kando. Turubai ni moja na blanketi ni moja. Sijui kama umewahi kulala karibu na mtu wa namna hiyo.

Sasa nikwambie yangu, na usiyachukue kama ya kukufariji, maana sina ya kukufariji. Wewe uliniandikia unasoma. Nani alikuita daktari? Ni mimi. Anyango alipofika uwanjani kulikuwa na foleni ya wauguzi wa kweli, nami nilikuwa nimemwambia asihangaike nayo. Nilikupandisha cheo kwa mdomo kwa sababu nilitaka watu wa ploti waniamkie vizuri. Mzigo huo nimeubeba na mgongo wangu huu, lakini siwezi kuubeba wote. Kuna sehemu yako. Ile ya kumwambia asiende, hiyo ni yako.

Juu ya kuacha. Uliniandikia kwamba hapo unasoma na wenzako. Wao wamegongwa bega? Wewe peke yako ndiwe unayejua panapouma. Ukienda kuuza misumari kwa Jasbir, basi mtoto wa Oduor amekufa na hakumfundisha mtu.

Rudi kwa mwalimu wako. Sikuombi. Na usisaini tena barua zangu kwa haraka hivyo, andika "mwanao".

Baba yako,
Wasike


Nakuru
4 Mei 2008

Baba mpendwa,

Chuo kimefunguliwa. Nilirudi.

Siku ya kwanza Sista Cherono aliingia darasani amekonda. Hakufungua kitabu. Alisema, "Nilipokuwa mbali niliwatumia kila kitu nilichojua kwamba nakijua. Kile ambacho sikujua kwamba nakijua kilibaki mkononi mwangu, na mtoto wa mtu amekufa." Hakunitaja. Lakini nilisimama mwenyewe nikasema ni mimi.

Baadaye walibishana. Kimaiyo bado anasema kompyuta ibaki, kwamba Sista sasa ameshaliandika lile somo la bega, basi shimo limezibwa. Mwingine akamwambia, "Na yale mashimo mengine, utayajuaje kabla mtu hajatumbukia?" Sista hakuwa upande wa yeyote. Alisema mimi sikuwahi kufungua mdomo darasani mpaka aliponiandikia kwa kompyuta, na hilo nalo ni kosa la darasa lake. Kisha akatupeleka wodini. Tukapanga mstari, kila mmoja akainama kwa zamu.

Zamu yangu ilipofika nilisikia kidole chake begani. Tap, tap, tap, polepole. Na sikioni, mbio, mbio. Mama mwenyewe alikuwa anatafuna muwa. Nilishindwa kuhesabu kwa machozi, Sista akaniambia, "Lia, lakini usinyanyue kichwa."

Anyango alikwenda kwao Ugenya na sijui habari zake. Je, Oduor anasema?

Mwanao,
Nerima


Kamere
23 Novemba 2008

Mwanangu Nerima,

Nimekaa bila kukuandikia kwa sababu sikuwa na la kukuandikia. Kazini nimerudi. Chumba kipya, ukuta mpya, na aliye upande wa pili wa ukuta ni Oduor. Mimi sikumwomba. Mwezi wa nne alikuja mwenyewe na kitanda, akasema, "Mzee, nani atanifunga viatu?" Wakati huo vidole vyake viwili vilikuwa vimeshaanza kufanya kazi. Hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu Februari. Anyango naye alirudi kutoka Ugenya.

Sasa sikiliza. Anyango ana mimba ya miezi sita.

Mimi nilinyamaza, sikutaja jina lako hata mara moja. Safari hii ni kliniki, foleni, kadi, kila kitu, na mwezi wa pili atakwenda kujifungulia hospitali kuu ya Nakuru, kwa wakunga waliokwisha kufuzu. Oduor mwenyewe amesema hivyo, nami nimesema ndiyo, ndiyo.

Lakini jana jioni Anyango alikuja mlangoni kwangu. Alikuwa amevaa lile jaketi la kijani, hajanirudishia. Akaniuliza, "Baba Nerima, yule msichana bado anasoma?" Nikamwambia bado. "Anasomea hospitali hiyo hiyo?" Nikamwambia hiyo hiyo. Kisha akasema niandike, nami naandika alivyosema.

Anasema akifika hospitali, wakunga wakishamaliza kazi yao, uje na wewe usikilize, na mwalimu wako asimame kando. Mkono wake ataushika mwenyewe. Ameshajifunza mahali mshipa unapopiga, alinionyesha. Yeye mwenyewe ndiye atakayekugonga bega, kama ulivyomweleza kule hospitali.

Anasema, "Nitamwonyesha wangu kwanza. Kisha aniambie kama kuna mwingine."

Nimemwambia nitaandika, na kwamba sitakulazimisha. Kiprugut anakuletea barua hii, na kesho yake atapita tena kwako kuchukua jibu.

Baba yako,
Wasike